Kinachomfanya mtu mzima ashike gitaa kwa mara ya kwanza

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: “Nina umri wa miaka 36. Nimependa muziki maisha yangu yote, lakini sikuwahi kutamani kupiga ala yoyote. Miezi mitatu iliyopita, katika hafla ndogo ya kumuaga mwenzetu kazini, mfanyakazi mwenzangu mmoja alitoa gitaa akapiga wimbo mmoja tu, na tangu siku hiyo sijatulia. Wapiga gitaa wakihojiwa husema kwamba walikuwa na hamu hiyo tangu utotoni. Je, ni nini hasa huwavuta watu waanze kupiga gitaa, na je, sababu yangu inatosha, au ni tamaa ya kupita tu?”

Dada, nianze na sehemu ya pili ya swali lako, maana ndiyo inayokunyima usingizi. Sababu yako inatosha, na zaidi ya hapo, ndiyo sababu ninayokutana nayo mara nyingi kuliko nyingine yoyote. Nimefundisha gitaa kwa zaidi ya miaka 20, na kila mwanafunzi mpya mimi humwomba anieleze siku ile alipohisi kwa mara ya kwanza kwamba anataka kupiga. Wachache hunitajia msanii mashuhuri. Walio wengi hunieleza habari za mtu aliyekuwa ameketi hatua chache kutoka walipokuwa wao: mjomba, kaka mkubwa, jirani, mpigaji wa kanisani, mwanafunzi mwenzao bwenini. Hunieleza pia kwamba kilichowashika ni kuiona ile sauti ikitoka vidoleni mwa mtu wanayemjua, mtu ambaye dakika tano kabla ya hapo alikuwa akizungumza nao mambo ya kawaida kabisa.

Habari za wapigaji wakubwa zinathibitisha jambo hilo, ukizisoma kwa makini. B.B. King, ambaye baadaye alikuja kuwa sauti kubwa kabisa ya muziki wa blues wa Marekani, alivutwa na mhubiri wa kanisa lao ambaye alipiga gitaa wakati wa ibada. Mhubiri huyo alikuwa na undugu na mke wa mjomba wake, na alipowatembelea nyumbani aliliweka gitaa lake kitandani. Kijana akalisogelea, akaligusa, na badala ya kufukuzwa akaonyeshwa jinsi ya kuweka vidole. Keith Richards, mpiga gitaa wa kikundi cha Rolling Stones cha Uingereza, amesimulia mara nyingi kwamba babu yake mzaa mama alikuwa na gitaa nyumbani, na kwamba yeye, akiwa mtoto mdogo, alikuwa akilitazama tu hadi siku ile babu alipomruhusu alishike. Katika visa hivi viwili kuna mtu wa karibu, kuna gitaa lililo wazi badala ya kufungiwa, na kuna ruhusa. Mara nyingi nimefikiri kwamba ruhusa ndiyo iliyo na uzito mkubwa kuliko yote, kwa sababu watu wengi hutamani gitaa kwa miaka bila mtu yeyote kuwaambia, “Shika, jaribu.”

Hata hivyo, kuna wanaovutwa kutoka mbali, na kisa cha Ali Farka Touré wa Mali kinanifundisha jambo ambalo nadhani linakuhusu wewe moja kwa moja. Mwaka 1956 aliona onyesho la kundi la ngoma na muziki la Keïta Fodéba wa Guinea mjini Bamako, na ni hapo alipoamua kuwa mpiga gitaa. Ukiishia hapo utadhani uamuzi huo ulimshukia ghafla jioni moja. Lakini kabla ya siku hiyo alikuwa ameshajifunza ala ya jadi yenye uzi mmoja, na nyimbo za watu wake zilikuwa zimeshajaa kichwani mwake. Alichokifanya baadaye ni kuzihamishia kwenye nyuzi sita. Onyesho lile lilikuwa mbegu iliyoangukia shamba lililokwisha kulimwa. Wewe nawe unasema ulipenda muziki maisha yako yote bila kutamani kupiga, kana kwamba miaka hiyo ilipotea bure. Haikupotea. Masikio yako yamekuwa yakijifunza mahali pa mapigo, jinsi wimbo unavyopanda na kushuka, na jinsi sauti moja inavyoita nyingine ije baada yake. Mtu asiye na hazina hiyo angeusikiliza wimbo wa mwenzako, akapiga makofi, akaenda nyumbani kulala.

Sasa nirudi kwenye sehemu ya kwanza ya swali lako: kwa nini gitaa, na si ala nyingine? Kuna sababu zinazotokana na umbo lenyewe la ala hii. Gitaa hukumbatiwa. Mgongo wa sanduku lake hukaa kifuani na tumboni, na uzi mnene wa juu unapopigwa, ambao kwa kawaida hutetema kama mara 82 kwa sekunde, mpigaji huuhisi mtetemo huo mwilini mwake sawasawa na anavyousikia. Pili, kinywa cha mpigaji kiko huru, jambo ambalo mpiga tarumbeta au filimbi hana. Anaweza kuimba huku akijisindikiza mwenyewe, na kwa hiyo mtu mmoja aliyekaa kwenye kiti huweza kubeba mapigo, sauti za kuitikia na wimbo wenyewe kwa wakati mmoja. Tatu, kazi yake yote iko wazi machoni. Anayemtazama mpiga kinanda kutoka ukumbini haoni sana kinachofanywa na vidole, lakini gitaa hugeuzwa kuelekea kwa mtazamaji, na kila badiliko la sauti huambatana na badiliko la mkono ambalo hata mtoto huliona. Macho yanapoona jinsi jambo linavyofanyika, mikono huanza kulitamani.

Tena gitaa halina kizingiti kirefu mlangoni, ingawa nyumba yake ina vyumba vingi mno. Mtu akishajua kuweka vidole katika mikao mitatu ya kordi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, anaweza kusindikiza nyimbo nyingi ajabu. Na hata asiye na gitaa la dukani ameweza kujitengenezea. Franco Luambo Makiadi, ambaye alizaliwa mwaka 1938 na akaja kuwa nguzo ya muziki wa Kongo, alianza utotoni na gitaa alilojiundia mwenyewe kwa mkebe na nyaya. Kitu kinachoweza kuigwa kwa mkebe humpa mtoto wazo kwamba yeye pia anaruhusiwa kukigusa.

Hapa ndipo ninapofikia jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kiini cha swali lako. Watu wengi hudhani kwamba msukumo wa kuanza hutokana na kustaajabu, na kwamba kadiri mpigaji anavyokuwa hodari ndivyo anavyowavuta wengi zaidi waanze. Mimi nimeona tofauti. Kustaajabu peke yake humfanya mtu awe msikilizaji mzuri zaidi. Kinachomfanya ashike ala ni kustaajabu kulikochanganyika na hisia kwamba jambo lile linawezekana kwa mtu kama yeye. Mfano mkubwa wa jambo hilo ni Uingereza ya mwaka 1956, wakati Lonnie Donegan alipoufanya muziki ulioitwa skifo upendwe nchi nzima. Skifo haikuhitaji ustadi mkubwa: gitaa kavu, yaani lisilo la umeme, kordi chache, ubao wa kufulia nguo uliokwaruzwa kutoa mapigo, na besi iliyotengenezwa kwa sanduku la chai, mti na kamba. Vijana wa shule walisikia, wakaona kwamba na wao wanaweza, na vikundi vikachipuka kila mahali. Kimojawapo kilianzishwa mwaka huohuo na kijana wa Liverpool aitwaye John Lennon. Muziki wa jazi wa wakati huo ulikuwa na wapiga gitaa waliokuwa hodari zaidi kuliko hao, lakini haukuwafanya maelfu ya vijana wakimbilie kununua gitaa.

Miaka minane baadaye zamu iligeuka. Tarehe 9 Februari 1964, The Beatles, kikundi kilichotokana na kile cha Lennon, kilipiga katika kipindi cha televisheni cha Marekani mbele ya watazamaji wapatao milioni 73, na wanamuziki wengi wa Marekani wa kizazi kilichofuata wamesema kwamba ni usiku huo walipotaka gitaa. Walichokiona ni vijana wanne waliofanana na kundi la marafiki, waliofurahiana na kutazamana huku wakipiga. Idadi kubwa ya waliovutwa usiku ule ilitamani urafiki uleule pamoja na sauti ileile. Basi mfanyakazi mwenzako, ambaye pengine anakosea hapa na pale, alikuonyesha kitu ambacho bingwa aliye jukwaani hawezi kukuonyesha kwa urahisi: kwamba mtu anayeamka asubuhi kwenda kazini kama wewe anaweza kuwa na hiki pia.

Si kila anayeanza anaanza kwa sababu ya mtu mwingine. Kuna wanaoanza kwa sababu ya muda uliofunguka ghafla, au upweke, au msiba. Nimewapokea wanafunzi waliofiwa na mzazi aliyewaachia gitaa, ambao hawakutaka kuwa wanamuziki hata kidogo. Walitaka tu lile gitaa lisinyamaze. Wengine hutoka kwenye kazi za kutumia kichwa mchana kutwa na wanatafuta kitu kitakachoishughulisha mikono. Kampuni ya Fender, ambayo hutengeneza magitaa, ilitangaza mwaka 2021 kwamba kwa makadirio yake Wamarekani wapatao milioni 16 walikuwa wameanza kujifunza gitaa katika kipindi cha miaka miwili, na kwamba wengi wao walitaja janga la korona na kukaa ndani kuwa kichocheo kikubwa. Uchunguzi wake wa awali, wa mwaka 2018, ulionyesha kwamba nusu ya wanaoanza ni wanawake, na kwamba asilimia 61 ya waliohojiwa walitaka tu kujifunza nyimbo za kupiga peke yao au pamoja na wenzao, bila nia ya kupanda jukwaani. Takwimu za muuzaji zisomwe kwa kumbukumbu kwamba ni za muuzaji, lakini hiyo ya mwisho inalingana kabisa na ninachokiona darasani. Ninaitaja kwa sababu watu wazima wengi huona haya kusema kwamba hawataki umaarufu, kana kwamba kupiga sebuleni ni kupiga nusu.

Wapo pia wanaoanza ili wapendwe. Kijana wa miaka 15 anayetaka kutazamwa na msichana fulani ana sababu halali, na sijawahi kumcheka mtu wa namna hiyo. Sababu hiyo ina nguvu nyingi lakini pumzi fupi. Ikiwa kabla haijaisha atakuwa ameshaonja raha ya sauti yenyewe, ataendelea hata msichana akihama. Na kuna ambao hawakuchagua kabisa. Eddie Van Halen alijinunulia ngoma, na kaka yake Alex ndiye aliyekuwa na gitaa. Wakati Eddie alipokuwa nje akisambaza magazeti ili alipie ngoma zile, kaka yake alizipiga mpaka akamshinda, na wawili hao wakabadilishana. Mmojawapo wa wapiga gitaa waliobadilisha namna ala hii inavyopigwa alifika kwenye gitaa kwa sababu ngoma zake zilikuwa zimeshachukuliwa.

Nimekitaja kisa hicho makusudi, kwa sababu ya ile kauli iliyokutia wasiwasi, kwamba wapigaji huzaliwa na hamu. Siikatai kwamba wapo watoto wa namna hiyo. Lakini mtu aliyepiga kwa miaka 40 anapoulizwa alianzaje, huutazama mwanzo wake kupitia miaka hiyo 40, na kila jambo dogo la utotoni huonekana kama ishara. Wale waliokuwa na ishara zilezile wakaja kuwa maseremala au wauguzi hawahojiwi. Mtazame badala yake Elizabeth Cotten, mwanamke aliyezaliwa North Carolina mwishoni mwa karne ya 19. Alijinunulia gitaa angali msichana mdogo kwa fedha alizopata kwa kufanya kazi za nyumbani, akalipiga kwa mkono wa kushoto bila kubadilisha nyuzi, kisha akaliacha kwa miongo mingi akilea na kufanya kazi. Alilirudia akiwa mtu mzima, baada ya kuajiriwa katika nyumba ya familia ya wanamuziki ambamo magitaa yalikuwa ukutani, na albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1958, alipokuwa amepita umri wa miaka 60. Mara zote mbili alizolishika gitaa, lilikuwepo gitaa lililo karibu na mkono wake. Umri haukuwa kigezo.

Je, tamaa yako itapita? Inaweza kupita, na sitakudanganya. Mkuu wa kampuni hiyohiyo ya Fender amewahi kusema hadharani kwamba takriban asilimia 90 ya wanaoanza huacha ndani ya mwaka wa kwanza. Lakini nimewatazama wengi wakiacha, na ni nadra sana kuona hamu yenyewe ikifa kwanza. Kinachotangulia ni umbali kati ya sauti iliyo kichwani na sauti inayotoka mkononi. Katika wiki za kwanza ncha za vidole huuma kwa sababu bado hazijaota sugu, kordi hutoa mlio wa kukwama, na wakati wa kuhama kutoka kordi moja hadi nyingine wimbo husimama kana kwamba umepotea njia. Mtu aliyekuja kwa ajili ya wimbo mmoja mzuri hupewa mazoezi yasiyofanana na wimbo wowote, akaambiwa avumilie. Mimi mwenyewe niliacha kwa karibu mwaka mzima kwa sababu hiyo. Mwalimu wangu wa kwanza alinipa miezi ya kupanda na kushuka ngazi za sauti bila hata wimbo mmoja, na nikaamini kwamba sina kipaji, wakati ambapo nilichokosa kilikuwa ni kile kilichonileta.

Mtafiti wa Australia, Gary McPherson, aliwafuatilia watoto 157 waliokuwa wakianza kujifunza ala za kupuliza, na kabla hata ya somo la kwanza aliwauliza walifikiri wataendelea kupiga kwa muda gani. Waliojiona wakipiga kwa miaka mingi walipiga hatua kubwa zaidi kuliko waliodhani watapiga kwa muda mfupi, hata pale ambapo kiasi cha mazoezi kilikuwa sawa. Ala ni tofauti na watoto si watu wazima, lakini naamini maana yake inafika hadi kwako. Mazoezi ya mtu anayejiona tayari akipiga huwa na sikio ndani yake. Husimama anapokosea, akatafuta sauti anayoijua. Kwa hiyo badala ya kujiuliza kama una kipaji, jiulize kama unaweza kujiona miaka mitatu kutoka leo ukiwa na gitaa mapajani. Ikiwa picha hiyo inakuja bila kulazimishwa, una akiba nzuri ya kuanzia.

Tena msukumo si kitu cha siku moja. Unaweza kuja mara ya pili kwa mtu yuleyule, na mara ya pili mara nyingi huwa na nguvu zaidi. Mwaka 1965 Tony Iommi, mpiga gitaa wa Uingereza, akiwa na miaka 17, alikatwa na mashine kiwandani ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, ambao kwake yeye, kwa kuwa hupiga kwa kushoto, ndio unaobonyeza nyuzi. Aliamini kwamba mambo yamekwisha. Msimamizi wake kazini akampelekea sahani ya santuri ya mpiga gitaa wa jazi Django Reinhardt, na alipoisikiliza akaambiwa kwamba mpigaji yule alikuwa ameungua mkono katika moto wa mwaka 1928 na alipiga solo zake karibu zote kwa vidole viwili. Iommi akajitengenezea vifuniko vya vidole kwa plastiki na ngozi, baadaye akalegeza nyuzi ili zibonyezeke kwa urahisi, na sauti nzito iliyotokana na njia hiyo ikawa msingi wa aina nzima ya muziki wa roki. Utakapofika mwezi wa pili na vidole vimekataa, tafuta tena mtu wa kumsikiliza, hasa aliyepita pagumu kuliko pako.

Kabla hujanunua chochote, jitahidi kujua ni nini hasa ulichokisikia siku ile. Je, mwenzako alikuwa akikung'uta nyuzi zote kwa pamoja huku akiimba, au alikuwa akichopoa uzi mmoja mmoja kwa vidole? Nyuzi zilikuwa za nailoni, zenye sauti laini ya mviringo, au za chuma, zenye sauti angavu inayong'aa? Ninasisitiza jambo hili kwa sababu nimewaona watu waliovutwa na sauti ya nailoni wakishauriwa kununua gitaa la umeme kwa kuwa nyuzi zake ni nyepesi kwa vidole, na ushauri huo ni sahihi kuhusu vidole lakini haugusi kabisa hamu yao. Walilipata gitaa rahisi kubonyeza ambalo halikuwahi kutoa sauti waliyoitaka. Afadhali gitaa lililo gumu kidogo linalosema ile lugha uliyoipenda.

Ukishalipata, hata la kuazima, usilitie mfukoni wala kabatini. Liache lisimame mahali unapopita, nawe ulishike robo saa kila siku. Robo saa ya kila siku hujenga sugu na mazoea kuliko saa mbili za siku moja kwa wiki, na kwa kawaida baada ya wiki tatu au nne maumivu ya ncha za vidole huwa yamepungua sana. Wimbo wako wa kwanza uwe ule ule wa mwenzako, hata kama italazimu kuurahisisha hadi kordi mbili. Baada ya miezi miwili, usijipime kwa kuuliza kama unapiga vizuri, maana jibu litakuwa hapana kwa kila mtu. Angalia tu kama kuna siku unalichukua bila kukumbuka kwamba ni wakati wa mazoezi.

Na mtafute yule mwenzako. Mwambie ukweli, kwamba tangu siku ile hujatulia. Wapigaji wachache sana wamewahi kuambiwa maneno hayo, na karibu wote watakaa nawe kwa furaha. Mwombe aupige tena wimbo ule, polepole, nawe ukiwa umeketi karibu naye badala ya kuwa kwenye viti vya wageni. Utashawishika kuutazama mkono wake unaobonyeza nyuzi shingoni, kwa sababu ndio unaohangaika. Utazame kwanza ule mwingine, ulio juu ya tundu la sanduku, uone unavyoshuka, unavyongoja, na unavyopanda hata pale ambapo hakuna uzi uliopigwa, kwa kuwa mapigo yote ya wimbo yanatoka huko, na yumkini ni hayo yaliyokushika siku ile kabla hujajua kwamba umeshikwa.